Bartolomeo Cristofori, fundi aliyebuni piano na kulinda ubao wake wa sauti

Piano ya zamani zaidi iliyobaki duniani iko New York, katika jumba la makumbusho la Metropolitan. Ilitengenezwa mwaka 1720 na ingali inaweza kuchezwa, lakini sauti yake si ile aliyoisikia fundi wake. Ubao wake wa sauti ulibadilishwa mwaka 1938. Fundi huyo ni Bartolomeo Cristofori, Muitalia aliyebuni piano, na ubao huo ndio aliotafutia ulinzi wa pekee.

Cristofori alizaliwa Padova mwaka 1655. Katika mwaka wa 1688 aliitwa Firenze na Ferdinando de' Medici, mtoto wa mtawala wa Toscana. Mwanamfalme huyo alipenda sana muziki na alikuwa na ala nyingi. Fundi alipewa mshahara wa kila mwezi ili azitunze, azitengeneze na kubuni zingine mpya. Mwanzoni alifanya kazi katika ukumbi mmoja na mafundi wengine wengi, katikati ya kelele.

Wakati huo kinanda kilichotawala kilikuwa klavesini. Nyuzi zake zilichunwa na ncha ya unyoya, na hata mchezaji akibonyeza kwa nguvu, sauti haikuongezeka. Cristofori aliweka nyundo ndogo inayogonga uzi na kurudi nyuma papo hapo. Orodha ya ala za familia ya Medici ya mwaka 1700 inataja tayari kinanda hicho chenye sauti ndogo na kubwa.

Lakini nyundo zilileta shida ya pili. Zilihitaji nyuzi nene zaidi, zilizokazwa zaidi. Nyuzi hizo huvuta sanduku la kinanda mchana na usiku, na polepole sanduku hujipinda. Ubao wa sauti, ule ubao mwembamba unaopokea mtetemo wa nyuzi na kuukuza, ukiwa umegundishwa kwenye sanduku hilo hilo, hubanwa, hujikunja na kupasuka. Cristofori alijenga ukuta mara mbili: wa nje ulibeba nguvu za nyuzi, wa ndani ulibeba ubao peke yake. Ubao wenyewe aliukata katika mti wa sipresi, kama walivyofanya mafundi wa klavesini wa Italia.

Karne moja baadaye, fremu ya chuma ilianza kubeba mzigo wa nyuzi, na mafundi wakaendelea kuhangaika na ubao. Waliupa mgongo ulioinuka kidogo katikati ili ushindane na mkandamizo wa nyuzi. Kuna njia mbili kubwa. Katika ya kwanza, ubao hukaushwa sana, kisha hugundishwa juu ya mbavu zilizonyooka. Ukirudishiwa unyevu wa hewa, unataka kutanuka, mbavu zinauzuia kwa chini, nao unainuka. Wapo mafundi wanaoisifu sauti yake, lakini mbao huishi zikiwa zimebanwa, na baada ya miaka mingi ya kiangazi na mvua mgongo unaweza kushuka. Katika njia ya pili, mbavu zenyewe huchongwa zikiwa zimepinda, na ubao hufuata umbo lao. Mgongo huo hautegemei sana unyevu. Mabishano kuhusu njia iliyo bora hayajaisha.

Cristofori mwenyewe hakupata sifa kubwa alipokuwa hai. Ferdinando alikufa mwaka 1713. Fundi alibaki kwa baba yake, na mwaka 1716 akakabidhiwa ulinzi wa ala zote. Piano ilikuwa ghali, na Waitalia wachache waliinunua. Maandishi ya Scipione Maffei ya mwaka 1711 kuhusu kinanda hicho yalitafsiriwa Ujerumani mwaka 1725, na Gottfried Silbermann akaanza kutengeneza piano kwa mfano huo. Mjerumani mwingine, Christoph Gottlieb Schröter, alidai kwamba ndiye mbunifu.

Mwaka 1729, akiwa mzee na mgonjwa, Cristofori aliandika wasia akimwachia mwanafunzi wake Giovanni Ferrini vyombo vyake vyote vya kazi. Miezi miwili baadaye aliubadilisha: karibu mali yote iliwaendea akina dada wa familia ya Dal Mela waliomuuguza, na Ferrini akaachiwa pesa kidogo tu. Fundi alikufa Firenze mwaka 1731.

Piano zake tatu ndizo zimebaki. Ya mwaka 1722 iko Roma, imeliwa na wadudu. Ya mwaka 1726 iko Leipzig. Zote mbili hazichezwi. Anayeketi mbele ya ile ya New York anasikia ubao wa mwaka 1938 ukiimba ndani ya sanduku la mwaka 1720.