Florence Nightingale: Muuguzi Aliyehesabu Vifo

Msomaji mpenzi, bila shaka umewahi kulisikia jina la Florence Nightingale. Katika vitabu vya shule huchorwa amebeba taa, akipita kitanda hadi kitanda usiku wa manane huku askari waliojeruhiwa wakimtazama kama malaika. Picha hiyo si ya uongo. Lakini ukiishia hapo utadhani kwamba dawa ya hospitali mbovu ni sista mwenye roho nzuri, basi. Tena utadhani kwamba mgonjwa akitunzwa vibaya, lawama yote ni ya sista. Mama huyu aliishi miaka 90, na mingi ya miaka hiyo aliitumia kuwaonyesha wakubwa kwamba mambo hayako hivyo. Hebu tuyafuate maisha yake hatua kwa hatua.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 mjini Florence, nchini Italia. Wazazi wake walikuwa Waingereza waliokuwa katika safari ndefu, nao wakampa mtoto jina la mji alikozaliwa. Dada yake mkubwa, aliyezaliwa Naples, alikuwa tayari amebandikwa jina la Parthenope, ambalo ni jina la kale la Kigiriki la mji ule! Familia ilikuwa na mali ya kutosha na kusaza. Baba yao, Bwana William, aliwafundisha mabinti zake mwenyewe nyumbani: Kilatini, Kigiriki, historia na mengineyo. Florence alipenda hesabu kupita kiasi, ingawa mama yake hakuona faida ya somo hilo kwa msichana. Enyi wenzangu mnaoikimbia hesabu, shikeni hapo kwanza, tutarudi.

Mwaka wa 1837, kabla hajatimiza miaka 17, Florence aliamini kwamba Mungu amemwita kufanya kazi fulani. Kazi gani? Ilimchukua miaka mingi kujua. Mwaka wa 1845 aliwaomba wazazi ruhusa ya kwenda kujifunza uuguzi katika hospitali ya Salisbury. Lo! Nyumba iliwaka moto. Siku hizo wauguzi wa hospitali walikuwa watu wa kudharauliwa. Wengi hawakuwa na mafunzo yoyote, mshahara wao ulikuwa wa kijungu jiko, na sifa yao kubwa ilikuwa ulevi. Binti wa tajiri kwenda huko ilikuwa aibu isiyosemeka. Alikatazwa katakata. Naye akakataa kuolewa, ijapokuwa kijana aliyemposa alimngojea kwa miaka kadhaa. Badala yake alidamka kabla ya mapambazuko na kusoma ripoti za hospitali kwa mwanga wa mshumaa, kisha akashuka kunywa chai na wageni kana kwamba hakuna jambo. Mwaka wa 1851, akiwa na umri wa miaka 31, ndipo alipopata nafasi ya kujifunza kwa miezi mitatu huko Kaiserswerth, Ujerumani. Mvumilivu hula mbivu.

Mwaka wa 1853 alipewa hospitali ndogo ya kusimamia katika barabara ya Harley mjini London. Hapa ndipo tunapoanza kuiona akili yake. Kabla ya kuanza, aliagiza maji ya moto yapandishwe kwa mabomba hadi kila ghorofa. Aliagiza pia kuwe na mashine ya kupandishia chakula, na kila mgonjwa awe na kengele inayomwonyesha muuguzi ni nani anayeita. Kwa nini? Kwa sababu muuguzi anayeshinda akipanda na kushuka ngazi amebeba ndoo na sahani hana wakati wa kumtazama mgonjwa. Amekuwa miguu tu. Kumbe basi kumpunguzia muuguzi kazi za bure ni sehemu ya kumtibu mgonjwa!

Mwaka uo huo vita vilizuka kati ya Warusi na Waturuki, na mwezi wa Machi 1854 Uingereza na Ufaransa zikaingia upande wa Waturuki. Mapigano makali yalikuwa katika rasi ya Crimea, kando ya Bahari Nyeusi. Askari wagonjwa na majeruhi walivushwa kwa meli hadi Scutari, ambayo leo ni sehemu ya jiji la Istanbul. Gazeti la The Times lilipofichua jinsi walivyokuwa wakiachwa bila matunzo, raia wa Uingereza walichemka kwa hasira. Sidney Herbert, waziri aliyehusika na mambo ya jeshi na rafiki wa Florence, alimwandikia barua akimwomba aende. Tarehe 21 Oktoba 1854 akaondoka London na wanawake 38. Walifika tarehe 4 Novemba.

Jamani, walichokikuta! Hospitali yenyewe ilikuwa kambi ya askari iliyogeuzwa matumizi. Vyoo vilikuwa vimeziba na kufurika. Maji yalikuwa ya kupimiwa. Panya na chawa walikuwa wenyeji. Wagonjwa walilala sakafuni na nguo zao zilizoganda damu. Juu ya hayo, madaktari wa jeshi hawakuwataka wanawake wale kabisa. Florence hakubishana. Aliwaamuru wenzake wasiguse mgonjwa yeyote mpaka daktari aombe. Baadhi yao walimnung'unikia, lakini hawakungoja sana. Tarehe 5 Novemba kulipiganwa vita vya Inkerman, na baada ya hapo majeruhi walimiminika kama mvua ya masika. Madaktari wakazidiwa, wakaomba msaada.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Wanawake wasiofikia 40 kwa wagonjwa waliohesabiwa kwa mamia, halafu kwa maelfu. Wapo waliofanya kazi kufa na kupona. Wapo waliolewa wakarudishwa kwao. Florence mwenyewe alifunga vidonda kwa saa nyingi, akakesha akiwaandikia barua mama na wake wa waliokufa. Lakini kazi yake kubwa haikuwa ya taa. Alitumia fedha zilizochangwa na wasomaji wa gazeti na fedha zake mwenyewe kununua mashati, sabuni, vitambaa na vyombo. Alifungua jikoni la chakula cha wagonjwa mahututi. Alikodi nyumba, akatia mitungi ya kuchemshia maji, akawaajiri wake za askari wafue nguo. Kwa ufupi, alikuwa msimamizi wa stoo kabla ya kuwa malaika.

Pamoja na hayo yote, askari waliendelea kufa. Naam, walikufa zaidi! Mwezi wa Februari 1855, vifo vilifikia takriban 42 kwa kila wagonjwa 100. Huruma ilikuwapo, chakula kilikuwapo, na shuka safi zilikuwapo, lakini kaburi halikushiba. Mwezi wa Machi serikali ilituma tume ya wataalamu wa usafi. Hao walizibua mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya jengo, wakaondoa takataka na mizoga ya wanyama, wakasafisha njia ya maji, wakapaka kuta chokaa na kupitisha hewa wadini. Kufikia Juni, vifo vilikuwa vimeshuka hadi karibu 2 kwa kila 100. Wauguzi walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni nyumba waliyofanyia kazi.

Mwezi wa Mei mwaka huo Florence mwenyewe alishikwa na homa kali karibu afe, na afya yake haikurudi tena kama zamani. Aliporejea Uingereza mwaka wa 1856, alikwepa sherehe zote. Watu walitaka kumwona yule mama wa taa, yeye alitaka takwimu. (Wale wa hesabu, sasa tumerudi.) Akishirikiana na mtaalamu wa takwimu William Farr, alihesabu vifo vya vita vile, mwezi baada ya mwezi, sababu baada ya sababu. Hesabu ikasema wazi: waliouawa na risasi na mabomu walikuwa wachache kuliko waliouawa na maradhi kama kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu, maradhi ambayo yangeweza kuzuiwa. Kwa kuwa alijua wakubwa wengi hawapendi kusoma tarakimu, mwaka wa 1858 alizichora kama duara lililogawanywa vipande vya rangi, hata asiyependa hesabu aone kwa jicho. Mwaka uo huo akawa mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika Chama cha Takwimu cha London.

Miaka iliyofuata alifanya kazi nyingi akiwa chumbani mwake, mara nyingi kitandani. Mwaka wa 1859 alitoa kitabu kuhusu ujenzi wa hospitali, na karibu wakati huo huo kingine kuhusu uuguzi. Fedha ambazo wananchi walikuwa wamechanga kwa heshima yake, takriban pauni 45,000, zilianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas' mjini London mwaka wa 1860. Kuanzia hapo uuguzi ukawa taaluma ya kusomewa.

Hata hivyo, kusoma peke yake hakumlindi mtu. Mwaka wa 1865, Agnes Jones, aliyesomea shule ile, alipelekwa na wenzake 12 katika hospitali ya maskini huko Liverpool iliyokuwa na wagonjwa zaidi ya 1,000. Alipanga wadi, akafundisha, akakesha. Mwaka wa 1868 alishikwa na homa ya taifasi akafariki akiwa na miaka 35. Kifo hicho kilimuuma sana Florence. Hospitali ilipata sifa ya kubadilika, lakini gharama yake ilikuwa mwili wa mtu mmoja aliyebebeshwa mzigo wa watu wengi.

Tusimfanye Florence mtume, maana naye alikuwa na kasoro zake. Alikuwa mkali, aliwachosha marafiki kwa kazi, na alipinga mpango wa kuwaandikisha wauguzi katika daftari la taifa. Aidha, sifa zote za vita vile si zake peke yake. Mary Seacole, mama mweusi kutoka Jamaika, aliomba kwenda na wauguzi akakataliwa na wakubwa wa London. Akajilipia nauli, na mwaka wa 1855 akafungua nyumba yake karibu na Balaklava alikowalisha na kuwatibu askari. Hata kile kiapo cha wauguzi chenye jina la Nightingale hakukiandika yeye. Kiliandikwa Marekani mwaka wa 1893.

Mwaka wa 1907 alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa nishani ya Order of Merit na mfalme wa Uingereza. Alifariki London tarehe 13 Agosti 1910. Jamaa zake walikataa azikwe Westminster Abbey pamoja na wakuu wa nchi. Akazikwa East Wellow karibu na wazazi wake. Tarehe yake ya kuzaliwa, 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani, na hapa kwetu Kenya pia huadhimishwa.

Basi ndugu msomaji, maisha haya yanatuhusu nini sisi? Mwaka wa 2017 wauguzi wa hospitali za umma nchini mwetu waligoma kuanzia Juni hadi Novemba, na sote tulijua hospitali bila wauguzi ni majengo matupu. Wengi wetu pia tumewahi kumtembelea mgonjwa tukaona sista mmoja anaitwa na wadi nzima kwa wakati mmoja. Anajibu kwa ukali, nasi tunatoka tukisema sista wa siku hizi hawana utu. Labda kweli huyo hana utu. Lakini Florence angeuliza kwanza: ana wagonjwa wangapi? Maji yako wapi? Choo kinafanya kazi? Amelala lini? Kisha angetoa kalamu akaanza kuandika majibu.

Kwa hivyo, mwenzangu unayetamani kuvaa sare nyeupe ukimaliza Kidato cha Nne, nenda na roho yako nzuri, maana mgonjwa anaihitaji. Lakini usiache kitabu chako cha hesabu nyumbani.