Robert Smalls: Rubani Aliyegeuka Mtunga Sheria

Sisi watu wa pwani twajua thamani ya rubani aujuaye mlango wa bandari. Mtu wa namna hiyo alikuwa Robert Smalls, aliyezaliwa mtumwa mnamo tarehe 5 Aprili, 1839, katika mji wa Beaufort, jimbo la South Carolina, Marekani. Aghalabu husifiwa kwa usiku mmoja aliouhatarisha roho yake baharini. Lakini vita vyake virefu zaidi alivipigana bungeni.

Alipofikia umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston kufanya vibarua. Ujira ulikwenda kwa bwana wake, naye akiachiwa dola moja kwa wiki. Aliwasha taa za barabarani, akapakua shehena, akashona matanga, na mwisho akashika usukani. Alimwoa Hannah, mtumwa kama yeye. Kumkomboa mke na mtoto kulihitaji dola 800, naye alikuwa ameweka akiba ya 100 tu.

Majimbo ya Kusini yalijitenga ili kulinda utumwa, na mwaka wa 1861 vita vikaanza. Smalls alikuwa akiendesha meli ya moshi iitwayo Planter, iliyotumikia jeshi la Kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei, 1862, maofisa Wazungu walishuka kwenda kulala mjini. Smalls akavaa kofia ya nahodha, akawapitia mkewe, wanawe na jamaa za mabaharia wenziwe, kisha akazipita ngome za bandari moja baada ya nyingine, akipiga honi kwa ishara zilizotakiwa. Kulipopambazuka alipandisha shuka jeupe na kuikabidhi meli kwa jeshi la Kaskazini, pamoja na mizinga iliyokuwamo. Watu wapatao 16 wakawa huru.

Agosti mwaka huo alifika Washington kuomba watu weusi waruhusiwe kupigana, na akarudi na idhini ya kuandikishwa hadi askari 5,000. Desemba 1863 Planter ilipopigwa mizinga na nahodha wake akajificha penye makaa, Smalls aliiokoa. Yeye ndiye akafanywa nahodha.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1865, alikuwa amekwisha kuinunua nyumba ya bwana wake wa zamani, akajifunza kusoma akiwa mtu mzima. Zamani katika jimbo lile kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la jinai. Basi katika mkutano wa katiba wa 1868, ambamo wajumbe weusi ndio waliokuwa wengi, Smalls alitaka zianzishwe shule za bure, za lazima kwa kila mtoto. Mwaka huo huo aliingia Bunge la jimbo, mwaka wa 1870 akaingia Seneti ya jimbo, na kuanzia 1875 alikwenda Bunge la Washington kwa vipindi kadhaa.

Adui zake hawakulala. Makundi yenye silaha yaliwatisha wapiga kura weusi. Mwaka wa 1877 Smalls mwenyewe alihukumiwa kwa rushwa ya dola 5,000, tuhuma aliyoikana, na mwaka wa 1879 akasamehewa.

Mwaka wa 1895 jimbo liliitisha mkutano mwingine wa katiba. Safari hii wajumbe weusi walikuwa sita tu. Katiba mpya ilimtaka mpiga kura athibitishe kuwa ajua kusoma au ana mali, na waamuzi ni Wazungu. Elimu ambayo Smalls aliitaka iwe haki ya kila mtoto ikageuzwa kufuli la kumfungia mzazi wake nje ya uchaguzi. Alisimama, akabisha kwa hoja, kisha akakataa kutia sahihi. Katiba ikapita.

Baadaye alisimamia forodha ya Beaufort, akafariki tarehe 23 Februari, 1915, katika nyumba ile ile. Mwaka wa 2023 manowari moja ya Marekani ilipewa jina lake. Haki ya kura aliyoitetea ilingoja sheria ya 1965, miaka 50 baada ya kuzikwa kwake.