Leonid Kantorovich, profesa aliyehesabu namna ya kugawa kidogo kilichopo

Mwaka 1938, kampuni moja ya serikali iliyotengeneza tripleksi katika muji wa Leningrad, inchi ya Umoja wa Sovieti, ilipeleka swali kwa watu wa hesabu. Walikuwa na mashine nane za kuchuna magogo na aina tano za miti. Kila mashine ilikuwa na tabia yake: ingine inakimbia kwa mti laini na kuchelewa kwa mti mgumu, ingine haijali. Walitaka kujua mashine gani ipewe mti gani, kwa saa ngapi, ili jioni mbao zitoke nyingi zaidi na kila aina iwe kwa kipimo kilichoombwa. Swali kama hilo linaonekana ni la fundi, si la profesa. Lilimfikia Leonid Vitaliyevich Kantorovich, mwenye miaka 26.

Alizaliwa tarehe 19 Januari 1912 katika muji huohuo, wakati ule ukiitwa bado Saint Petersburg, katika jamaa ya Wayahudi. Baba yake alikuwa munganga, akafariki mwaka 1922, mtoto akiwa na miaka kumi. Leonid aliingia chuo kikuu akiwa na miaka 14, akamaliza akiwa na 18, na akapewa uprofesa akiwa na 22. Wanafunzi wake wengine walikuwa wamemzidi umri. Kazi zake za kwanza zilikuwa hesabu tupu, zile ambazo hata watu waliosoma sana hawaulizi zinasaidia nini. Angeweza kubaki humo maisha yake yote, na jina lake lingejulikana tu kwa wenzake wa kazi.

Lakini swali la tripleksi lilimkamata. Ili kuelewa sababu, tuchukue mfano mdogo. Kuna mashine mbili. Ile ya zamani inatoa mbao laini 6 kwa saa, ao ngumu 2. Ile mupya inatoa 8 kwa saa, laini ao ngumu. Muteja anataka mbao ziende mbilimbili, laini moja na ngumu moja. Kila mashine ikijitengenezea jozi zake peke yake kwa siku ya saa 8, ya zamani itatoa jozi 12 na mupya 32, jumla 44. Sasa badilisha: ya zamani ifanye laini tu siku nzima, itoe 48. Ile mupya ifanye ngumu kwa saa 7, itoe 56, na saa moja inayobaki ifanye laini 8. Jumla ni jozi 56. Mashine ni zilezile, wafanyakazi ni walewale, hakuna senti iliyoongezwa. Jozi 12 zimetoka ndani ya mpango tu.

Kwa mashine mbili, mtu anaweza kutafuta kwa kalamu na karatasi. Kwa mashine nane na miti mitano, namna ya kawaida ingeomba kutatua karibu mafungu bilioni moja ya hesabu, moja kwa moja, ili kulinganisha. Mtu angekufa mbele ya kumaliza. Kantorovich akapata njia ya kufupisha: badala ya kujaribu mipango yote, alipa kila kitu kinachopunguka namba yake, kama bei, kisha akarekebisha zile namba mpaka mpango na bei vikubaliane. Katika mfano wetu, saa moja ya mashine ya zamani ina samani ya jozi 3, na saa moja ya mupya jozi 4. Hesabu: saa 8 mara 3 ni 24, saa 8 mara 4 ni 32, jumla 56, sawasawa na jozi zilizotoka. Na yule anayetaka kujua kama kuongeza saa moja kwa mashine ya zamani kunafaa, jibu liko tayari: atapata jozi 3 zaidi, si zaidi ya hapo.

Hapo njo kulikuwa na ugunduzi wenyewe. Kila kitu ambacho hakitoshi, iwe saa ya mashine, nafasi ndani ya gari la moshi, ao shamba lenye udongo muzuri, kina samani iliyofichwa, na hakuna mkubwa anayeipanga kwa kupenda kwake. Inatoka ndani ya kazi yenyewe. Mwaka 1939 chuo kikuu cha Leningrad kilichapisha kitabu chake kidogo juu ya namna ya kupanga kazi za viwanda kwa hesabu. Ndani yake alionyesha kwamba njia ileile inafaa kwa kukata mabati bila kuacha vipande vingi, kugawa mashamba kwa mimea, na kupanga safari za mizigo.

Mtu anaweza kufikiri kwamba inchi iliyojisifu kupanga uchumi wake wote toka ofisini ingemkumbatia. Kumbe hapana. Wataalamu wa chama walifundisha kwamba samani ya kitu inatoka kwa kazi ya mikono iliyoingia ndani yake, basi. Kusema kwamba saa ya mashine ao kipande cha udongo kina samani yake kwa sababu tu hakitoshi, ilisikika kama maneno ya matajiri wa inchi za nje. Na miaka ile maneno yalilipiwa kwa damu. Nikolai Kondratiev, mtaalamu wa uchumi aliyejulikana hata nje ya inchi, alipigwa risasi Septemba 1938, mwaka uleule wa swali la tripleksi. Kantorovich aliona wazi alikuwa anatembea wapi. Neno bei alilikwepa. Zile namba zake aliziita kwanza vizidishi vya kutatua, na baadaye akazipa jina refu zaidi lenye maana ya makadirio yanayotokana na hali yenyewe ya mambo. Jina lile refu lilikuwa kama koti la kujificha.

Kisha vita ikafika. Toka Septemba 1941 jeshi la Wajerumani lilizunguka Leningrad, na kuzingirwa huko kuliendelea mpaka Januari 1944. Mwezi wa 11 na wa 12 wa mwaka 1941, watoto na watu wasiofanya kazi walipata gramu 125 za mkate kwa siku. Njia ya chakula ilibaki moja: ziwa Ladoga, kubwa zaidi ya mara sita kuliko ziwa Kivu, ambalo wakati wa baridi maji yake ya juu yanakuwa barafu ngumu. Kamyo za tani moja na nusu zilipita juu ya barafu hiyo usiku na mchana, wakati mwingine dereva akiacha mlango wazi ili aruke kama gari linazama, na ndege za adui zikipiga toka juu. Kantorovich alikuwa mualimu katika shule ya wahandisi wa jeshi la maji. Inasimuliwa kwamba alipewa kuhesabu kamyo ziachane umbali gani kulingana na unene wa barafu na ukali wa baridi, na kwamba yeye mwenyewe alitembea katikati ya magari juu ya ziwa. Hesabu ya kwanza ilikuwa ya mbao. Hii ilikuwa ya mkate, na kosa lake lingeonekana hapohapo.

Katika miaka hiyohiyo ya vita aliandika kitabu kikubwa juu ya inchi nzima kutumia vizuri kile ilicho nacho. Mwaka 1942 alichapisha pia andiko fupi, kurasa chache tu, juu ya kuhamisha mizigo toka mahali pingi kwenda mahali pingi kwa gharama ndogo. Baadaye aliona kwamba Mfaransa Gaspard Monge alikuwa ameuliza swali la namna hiyo mwaka 1781, juu ya kuhamisha udongo. Andiko lile fupi, ambalo wachache walilisoma wakati ule, leo ni mama wa tawi zima la hesabu.

Kitabu kikubwa alikipeleka kwenye ofisi kuu ya mipango ya serikali. Kikakataliwa. Alielewa kwamba kuendelea kukisukuma ni hatari kwake na kwa watu wa nyumba yake, akakiweka pembeni. Miaka zaidi ya 15 kilikaa hivyo. Na woga wake haukuwa wa bure: Nikolai Voznesensky, mkubwa wa ofisi ileile ya mipango, aliuawa na serikali yake mwaka 1950.

Alirudi kwa hesabu tupu, na huko hakuna aliyemgusa. Mwaka 1949 alipewa tuzo ya Stalin kwa kazi hizo, na wakati huohuo aliongoza mahesabu ya mradi wa bomu la atomiki. Yaani serikali ilimuamini kwa bomu, ikaogopa bei zake za mbao. Hata hivyo hakuacha kabisa. Pamoja na mwenzake Viktor Zalgaller alisaidia kiwanda kimoja cha mabehewa cha Leningrad kukata mabati kwa njia yake, na mwaka 1951 walitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Inasimuliwa kwamba vipande vya kutupa vilipunguka mpaka kiwanda kikaingia matatani, kwa sababu mpango wa serikali ulikilazimisha kupeleka tani fulani za vyuma chakavu kila mwaka, na sasa hakikuwa navyo.

Huko Marekani, wengine walikuwa wamefika mahali palepale bila kumjua. Mwaka 1947 George Dantzig, aliyefanya kazi kwa jeshi la anga, alipata njia yake ya kutatua mipango ya namna hiyo, njia nyepesi kwa mashine za kompyuta. Tjalling Koopmans, mzaliwa wa Uholanzi, alikuwa amehesabu safari za meli wakati wa vita. Ni huyu Koopmans, katika miaka ya 1950, aliyepata habari ya kitabu kidogo cha 1939, na mwaka 1960 kikatoka kwa Kiingereza. Wamarekani wakaona kwamba Mrusi aliwatangulia kwa miaka minane.

Kifo cha Stalin mwaka 1953 kilifungua mlango kidogokidogo. Kitabu kikubwa kilichapishwa mwaka 1959. Kantorovich alihamia Novosibirsk, katika Siberia, mahali serikali ilipojenga muji mupya wa wanasayansi, na mwaka 1965 alipewa tuzo ya Lenin pamoja na wataalamu wawili wa uchumi. Hesabu yake iligusa hata taksi. Dereva aliyelipwa kwa kilometa tu alikimbia abiria wa safari fupi. Kantorovich alipendekeza feza kidogo ya kupanda, na kilometa iwe ya bei nafuu. Safari fupi ikaanza kumufaa dereva.

Mwaka 1975 yeye na Koopmans waligawana tuzo ya Nobel ya uchumi. Jina ni moja na ile tuzo aliyopewa munganga Denis Mukwege wa Bukavu mwaka 2018, ingawa yake ni ya amani. Hakuna mwananchi mwingine wa Umoja wa Sovieti aliyewahi kupata ile ya uchumi. Dantzig aliachwa inje, na mpaka leo wengi wanaona hakutendewa haki. Koopmans mwenyewe aliumia kwa jambo hilo, akatoa sehemu ya feza yake kwa taasisi moja ya utafiti huko Austria.

Wakati huo Kantorovich alikuwa amehamia Moscow, akifanya kazi katika taasisi ya kufundisha viongozi wa viwanda, akiandika barua na ripoti juu ya bei, juu ya usafiri, juu ya mashine zinazolala bila kazi. Ripoti zilisomwa kwa heshima na kuwekwa kwenye makabati. Alifariki tarehe 7 Aprili 1986, akazikwa katika makaburi ya Novodevichy. Njia yake ilikuwa tayari inatumika na makampuni ya ndege, ya mafuta na ya meli katika inchi za matajiri, huku bei za inchi yake zikiendelea kupangwa ofisini.