Edward Steere: Mwanasheria Aliyeitii Sheria ya Mungu Katika Kazi ya Kila Siku

Jina la Edward Steere si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Aghalabu sisi hulitaja katika mitihani ya historia ya lugha, tukaliambatanisha na kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, kisha tukayaelekea masuala ya usanifishaji. Makala haya yanadhamiria kumtazama kwa jicho jingine: Mkristo ambaye maisha yake yanaonyesha kwamba sheria ya Mungu hutiiwa, au huvunjwa, katika shughuli ndogo ndogo za kila siku.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akatunukiwa shahada ya udaktari katika taaluma hiyo na kukubaliwa kuwa wakili mwaka 1850. Hata hivyo, mahakama hazikumshika kwa muda mrefu. Mwaka 1856 alipewa daraja ya ushemasi, na baadaye akahudumia parokia ndogo ya mashambani katika jimbo la Lincolnshire. Mwaka 1863 alifuatana na rafiki yake, Askofu Tozer, kuja Afrika kwa niaba ya misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, iliyoitikia mwito wa David Livingstone. Baada ya jaribio la eneo la mto Shire kutofua dafu, walihamia Unguja mwaka 1864.

Huko alikuta soko la watumwa la Mkunazini likiendelea na biashara yake. Wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa watoto waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Hapa ndipo ugumu wa kazi yake unapodhihirika. Mtoto aliyeibwa kwao na kuuzwa atafundishwaje amri inayokataza wizi? Neno “bwana”, ambalo Wakristo wa Kiswahili humwitia Mungu, ndilo lile lile mtumwa alilomwitia mmiliki wake. Mwalimu hakuweza kulisafisha neno hilo kwa ufafanuzi wa kamusi peke yake. Ilibidi mtoto aone, katika mlo, katika malazi na katika namna ya kuitwa jina lake, kwamba Bwana huyu hakufanana na yule.

Steere alianza kwa kusikiliza. Aliketi na wenyeji wa Unguja, wengi wao Waislamu, akanakili hadithi zao jinsi walivyozisimulia. Zao lake ni mkusanyiko wa ngano uliochapishwa mwaka 1870, wenye visa kama kile cha Sultani Darai na habari za Liongo. Hakuzigeuza ngano hizo kuwa mahubiri. Kwa mtu wa dini wa zama zake, huo haukuwa uadilifu mdogo: amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo humhusu pia mwandishi anayeandika maneno ya wengine. Katika tafsiri zake za Maandiko na kitabu cha sala, alitumia lugha ya watu hao hao. Maneno kama sheria, dhambi, toba na sala yalikuwa yamekwisha kukomaa vinywani mwa Waislamu kabla ya Mkristo yeyote kuyaazima.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa. Wakati wa Krismasi ya mwaka huo, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa pale pale Mkunazini. Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, aliusimamia ujenzi mwenyewe. Paa lilifinyangwa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa, bila mihimili, na walikuwako waliotabiri kwamba lingeporomoka. Halikuporomoka. Mwaka 1876 aliongoza msafara wa watumwa walioachwa huru kutoka pwani ya Lindi kwenda bara, wakaanzisha makao Masasi.

Si haki, hata hivyo, kumchora kama malaika. Misheni yake ilistawi chini ya kivuli cha manowari za Kiingereza, na walioachwa huru waliishi chini ya kanuni za misheni ambazo hawakuzitunga wao. Isitoshe, mkataba wa 1873 ulifunga soko tu. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897. Kanisa lilisimama juu ya soko lililokufa, ilhali mtumwa aliendelea kupita mlangoni akiwa amebeba mzigo wa bwana wake. Pengo hilo kati ya sheria ya nchi na sheria ya Mungu, Steere hakuishi kuliona likizibwa.

Alifariki Unguja mwezi wa Agosti mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Biblia kamili ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891, na mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukaiteua lahaja hiyo kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Kwa kuhitimisha, ni dhahiri kwamba Steere hakuiacha sheria alipoiacha mahakama. Aliihamishia mezani, penye karatasi za tafsiri, na kiwanjani, penye chokaa na mawe. Kwetu sisi tunaonakili simulizi za wazee na kuzitafsiri kazi za wengine, swali alilolikabili lingali hai: je, maneno ya jirani tunayaandika kama alivyoyasema, au kama tulivyotaka ayaseme?