Metchnikoff, Bwana wa Mtindi na Askari wa Damu

Katika maduka makubwa ya Mombasa na Nairobi siku hizi utaviona vikopo vidogo vidogo vya maziwa yaliyogandishwa, vimeandikwa ubavuni kwamba ndani yake mna vijidudu hai viufaavyo mwili. Wapo wazee wetu wanaocheka wakisomewa maneno hayo. Mtindi kwetu si kitu kigeni. Waorma na Wasomali wameuleta masokoni katika vyombo vilivyofukizwa moshi tangu zamani za babu zetu, wala hakuna aliyehitaji kuandikiwa kitu ubavuni mwa kibuyu. Lakini mtu aliyewafunza Wazungu kununua mtindi kwa ajili ya afya ana jina na tarehe, na maisha yake ni ya ajabu kuliko maziwa yenyewe. Ndiye Ilya Metchnikoff, ambaye Wafaransa walimwita Élie, nami leo, ndugu wasomaji, nataka kuwasimulia habari zake.

Alizaliwa mwaka 1845 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kharkov, nchi ambayo leo ni Ukraine na siku zile ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Babake alikuwa afisa katika jeshi la ulinzi wa mfalme, naye Ilya alikuwa kitinda mimba. Akili yake ilikuwa kali mno. Masomo ya miaka minne katika chuo kikuu cha Kharkov aliyamaliza kwa miwili, kisha akaenda Ujerumani na Italia kuchunguza viumbe wadogo wa baharini. Macho yake yalikuwa yakimuuma mara kwa mara, na hasira zake zilikuwa za karibu. Alikuwa mtu wa kupanda na kushuka. Leo ana furaha ya mtoto, kesho dunia nzima imemwia giza.

Giza hilo lilikuwa na sababu zake. Mwaka 1869 alimwoa binti mmoja aitwaye Ludmila, mgonjwa wa kifua kikuu. Siku ya harusi bibi arusi hakuwa na nguvu za kutembea, akapelekwa kanisani amebebwa juu ya kiti. Metchnikoff akahangaika naye nchi hadi nchi akitafuta hewa njema, mpaka kisiwa cha Madeira, na huko Ludmila akafa mwaka 1873. Mumewe akanywa afyuni nyingi kwa nia ya kumfuata. Hukumu ya tendo hilo kwetu yajulikana, sina haja ya kuieleza. Ikawa kipimo kilizidi hata tumbo likakitapika chote, akasalimika. Yasimuliwa kwamba siku zile zile, akiwa darajani na mawazo yake usiku, aliwaona wadudu wamejaa wakizunguka taa, mfano wa kumbikumbi wetu wa masika, wale ambao umri wao ni saa chache tu. Akajiuliza viumbe wa maisha mafupi hivyo huwezaje kudumu kizazi baada ya kizazi. Swali la elimu likamrudisha kwenye uhai.

Mwaka 1875 alioa tena, msichana mdogo jina lake Olga. Naye baada ya miaka michache akashikwa na homa ya matumbo, akawa mahututi. Mwaka 1881 Metchnikoff akajidunga damu ya mgonjwa wa homa ile ijayo ikaondoka na kurudi, apate kufa kwa njia itakayofaa elimu kidogo. Akaugua sana, akapona. Olga naye akapona, na ndiye aliyekuja kuandika maisha ya mumewe baadaye.

Urusi ilikuwa imechafuka baada ya mfalme kuuawa mwaka huo wa 1881, na fujo ziliingia hata vyuoni. Metchnikoff akajiuzulu ualimu wake Odessa, akahamia mji wa Messina, kisiwani Sicily, penye mlango wa bahari. Disemba 1882 jamaa zake walikwenda sarakasi kutazama nyani waliofunzwa michezo, yeye akabaki nyumbani na hadubini yake. Alikuwa akitazama watoto wachanga wa kiti cha pweza, mnyama yule wa pembe tano ambaye wavuvi wetu wamjua vyema. Watoto hao ni wadogo mno na miili yao hupenya mwanga kama kioo, hata waweza kuona yaliyomo ndani wangali hai. Ndani yake aliona chembe zinazotembea. Ikamjia fikira kwamba huenda chembe zile ni walinzi. Na kama ndivyo, mwiba ukiingizwa mwilini lazima zitaukimbilia.

Bustanini mlikuwa na mchenza mdogo ambao walikuwa wameupamba kwa sikukuu ya Krismasi ya watoto. Akaenda bustanini humo akachuma miba ya mawaridi, akaitia chini ya ngozi za wale watoto wa kiti cha pweza. Usiku ule hakupata usingizi. Alfajiri alipotazama, akaikuta chembe zimeuzingira mwiba pande zote, kama watu waliomzunguka mwizi sokoni.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Kabla yake matabibu waliiona usaha na wakaona chembe nyeupe za damu zikiwa na vijidudu ndani yake, lakini wengi walidhani vijidudu vinazipanda hizo chembe kama mtu apandavyo gari, vikisambaa mwilini. Metchnikoff alisema kinyume: chembe ndizo zilazo. Mtaalamu mmoja wa Vienna akamsaidia kupata jina la Kiyunani, fagosaiti, yaani chembe mlaji. Wajerumani walimpinga kwa ukali, wakishikilia kuwa kinga ya mwili imo katika majimaji ya damu wala si katika chembe. Ugomvi ukaendelea miaka na miaka. Mwaka 1888 Louis Pasteur alimpokea Paris akampa mahali pa kazi katika chuo chake, na hapo ndipo alipokaa mpaka mwisho wa umri wake. Mwaka 1908 Zawadi ya Nobel iligawanywa baina yake na Paul Ehrlich, mkuu wa upande wa majimaji. Nao wote wawili walikuwa na haki, kwani chembe zala na kingamwili za majimaji zazisaidia. Mwaka huo huo, Disemba 28, Messina ilibomolewa na tetemeko la ardhi.

Sasa nije kwenye tumbo, maana hapa ndipo penye hoja yangu.

Mwaka 1892 kipindupindu kilipoingia Ufaransa, Metchnikoff alikunywa vijidudu vya kipindupindu kwa makusudi. Hakuugua. Mtu mwingine aliyejitolea akanywa, naye hakuugua. Wa tatu akashikwa vibaya karibu na kufa. Kwa nini? Akaanza kushuku kwamba jawabu limo katika vijidudu vingine vinavyokaa tumboni, kwani katika vyombo vyake vya majaribio aliona vingine huvisaidia vya kipindupindu kukua na vingine huvizuia. Mimi naliona hilo kuwa kubwa kama ule mwiba wa waridi, ingawa halitajwi sana.

Angeifuata njia hiyo, sijui angefika wapi. Lakini alikuwa akizeeka, na hofu ya uzee ikamvuta kando. Akaandika kwamba utumbo mpana ni kama jaa. Chakula huoza humo, sumu huingia damuni na kumzeesha mtu mapema. Mwaka 1904 alihutubia Paris juu ya uzee, akawasifu wakulima wa Bulgaria kwamba huishi sana kwa kunywa maziwa chachu. Mbulgaria mmoja, Stamen Grigorov, alikivumbua mwaka 1905 kijidudu kigandishacho maziwa hayo. Metchnikoff akanywa mtindi kila siku, akaacha kila kisichopikwa. Paris yote ikamwiga. Vidonge vikauzwa, maduka yakatumia jina lake, wenye ndimi wakamsengenya kuwa amekuwa mchuuzi wa maziwa. La kusikitisha zaidi, daktari mpasuaji wa London, Arbuthnot Lane, akaichukua nadharia hiyo akawa anawakata watu utumbo mpana na kuutupa.

Kosa lilikuwa wapi? Kwanza, katika miaka ya 1920 Leo Rettger wa chuo cha Yale, Marekani, alionyesha kuwa kijidudu cha Bulgaria hakikai tumboni mwa binadamu, hupita njia. Pili, na hili ndilo zito, utumbo mpana si jaa. Twajua leo kwamba vijidudu vyake hukaribia trilioni 38, na kwamba ndivyo vinavyozifunza chembe za kinga kazi yao. Panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja kinga yao hubaki changa kama ya mtoto. Vijidudu hivyo hula nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, za kunde, mbaazi, mtama, mboga, na kutoka humo hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kuwatuliza askari wa mwili wasije wakashambulia wenyeji wao. Vikikosa nyuzinyuzi, vingine hugeukia ute unaoulinda ukuta wenyewe.

Metchnikoff alizijua chembe zilazo, akavijua na vijidudu vya tumbo. Ncha zote mbili za kamba zilikuwa mkononi mwake, ila hakuzifunga fundo, kwa sababu kimoja alikiita askari na kingine adui. Na katika chuo kile kile cha Pasteur, Henry Tissier alikuwa ameshaona karibu na mwaka 1900 kwamba watoto wanyonyao maziwa ya mama wana kijidudu chao maalumu tumboni. Leo imejulikana kuwa maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Ni chakula cha vijidudu vile. Mama zetu wanaotimiza miaka miwili ya kunyonyesha wanawalisha wageni hao pia.

Habari hii ina mlango wa kwetu vilevile. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946, ndiye aliyewaeleza Wazungu kuwa maradhi mengi ya utumbo waliyokuwa nayo hakuyaona kwa wala vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Na mwaka 2025 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa mkoa wa Kilimanjaro. Wanaume wa vijijini waliacha chakula chao cha jadi kwa wiki mbili tu, wakala vya kizungu. Damu zao zikaonyesha dalili za uvimbe wa ndani kuzidi, na chembe zao za kinga zikalegea mbele ya vijidudu vya maradhi. Wa mjini waliorudi kwenye chakula cha jadi wakaonyesha kinyume chake. Wiki mbili, ndugu zangu! Na vijana wetu wa Mombasa wana miaka wakila chipsi na soseji asubuhi na jioni, kisha hununua kile kikopo cha mtindi wenye sukari wakidhani kitawalipia deni.

Metchnikoff mwenyewe hakufika umri wa wale Wabulgaria. Vita Kuu ya Kwanza ilimtawanyia vijana wake wa kazi, na moyo wake ukadhoofu. Alifariki Paris Julai 15, 1916, akiwa na miaka 71, ndani ya chuo cha Pasteur, na majivu yake yamewekwa katika maktaba ya chuo hicho. Siku yake ya mwisho alimwomba daktari rafikiye, aliyekuwa kando ya kitanda, kwamba atakapoupasua mwili wake autazame utumbo kwa makini, kwani alihisi mna kitu.