Mali ya Abdulla ni ya nani?

Mwezi wa sita, Bulabo ikifika pale Bujora na Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma, macho ya wengi huwa kwa wachezaji. Safari hii, mwanachuo mwenzangu, watazame pia akina mama wanaoshangilia. Ukiomba kusoma maandishi madogo kabisa kwenye ukingo wa kanga zao, huenda ukakutana na herufi K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Wengi tumelikuta jina hilo nyumbani tangu utotoni, lakini mwenyewe hatumjui.

Herufi hizo ni za Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa mwenye asili ya Bara Hindi. Duka la familia yake linahesabu mwanzo wake mwaka 1887, na liko mtaa unaoitwa leo Biashara Street. Kanga hakuibuni yeye. Wanawake wa pwani walikuwa wameshaanza kununua leso za mkononi zikiwa bado kwenye jora, wakakata sita na kuziunga mbilimbili kwa tatu kuwa nguo moja. Ndiyo maana Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Wenye maduka walipoona hivyo, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima, yenye pindo kuzunguka na mji katikati.

Sasa hapo ndipo Kaderdina alipowazidi wenzake. Ndiye anayetajwa na wengi kuwa mtu wa kwanza kutia jina kwenye kanga, yaani yale maneno ya chini ya mji, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi tunazotumia leo. Kanga ikapata mdomo. Mke mwenza, jirani, mkwe, mume aliyechelewa kurudi, kila mmoja aliweza kupelekewa ujumbe bila mvaaji kufungua kinywa.

Kazi yenyewe ilihitaji akili. Kanga zilichapwa ng'ambo, India na Ulaya, zikaja kwa meli. Michoro ikikosewa, au maneno yasipowagusa wateja, mzigo unakulalia dukani. Kwa hiyo mchoraji wa kanga ilimbidi ajue wanawake wanasema nini mwaka huo na rangi gani imewachosha.

Kila kanga aliitia alama yake, na alama hiyo ilibeba jina Abdulla. Kwa maneno mengine, kitambaa kilikuwa kama mtoto wa ukoo, huwezi kukitoa nje bila jina. Wana na wajukuu wakairithi biashara pamoja na alama, na ndiyo maana Kaderdina amekufa zamani lakini jina bado linafuliwa na kuanikwa kila asubuhi.

Lakini hebu tuulize, mali hiyo ilikuwa ya Abdulla peke yake? Mchoro sawa, hela ya kuagiza meli ni yake. Ila methali na mafumbo yalikuwa tayari vinywani mwa watu, na hata wazo la kuunga leso lilitoka kwa wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote. Simlaumu. Alisikiliza wakati wengine wanauza tu, halafu akasaini. Wao hawakupewa nafasi ya kusaini.

Hili linatuhusu watu wa Kanda ya Ziwa kuliko tunavyodhani. Pamba ya Usukuma inaondoka ikiwa nyuzi na kuturudia ikiwa nguo yenye jina la mtu mwingine. Methali za Kisukuma ziko tele vijijini kuzunguka Bujora, na baadhi yetu tunachora vizuri, tunauza fulana na mifuko bwenini. Ukichukua fumbo la bibi yako ukaliweka kwenye kitambaa, tia saini yako kama Kaderdina, usiibiwe. Halafu, pembeni ya jina lako, andika na la bibi. Nafasi kwenye pindo inatosha majina mawili.