Louise Michel, mwalimu aliyekataa kutawaliwa na akakataa kutawala



Katika mkutano mmoja wa sendika yetu, kijana mmoja alisimama kule nyuma akatuuliza sisi wadelege kama tuko pamoja nao, ao tumekwisha kuwa wakubwa wengine juu yao. Watu walicheka. Sisi hatukucheka, sababu ulizo lilikuwa la kweli. Delege anaanza na kofia ya kazi kama wote, kisha anapata kiti, kisha namba ya simu ya wakubwa, na mwisho anasahau njia ya kushuka shimoni.

Tulirudi nyumbani na ulizo lile. Leo tunalijibu kwa kuwaelezea maisha ya mama mmoja Mfaransa, Louise Michel. Yeye alikuwa kati ya watu wanaoitwa kwa Kifaransa libertaire. Neno hilo lilitungwa mwaka 1857 na mfanyakazi mmoja, Joseph Déjacque, fundi wa kubandika karatasi za ukuta. Katika Kiswahili chetu hatuna neno moja la kulijibu. Tuseme basi: ni mtu anayekataa kutawaliwa, na anakataa vilevile kutawala wengine. Nusu ya kwanza ni nyepesi, kila mtu anaipenda. Nusu ya pili njo ngumu.

Louise alizaliwa tarehe 29 Mei 1830 katika kijiji cha Vroncourt, mashariki ya Ufaransa. Mama yake, Marianne, alikuwa mtumishi katika nyumba kubwa ya mabwana wa pale, na mtoto alizaliwa nje ya ndoa. Wazee wa nyumba ile walimlea kama mjukuu wao, wakamsomesha. Kwa hiyo toka utoto alijua fasi mbili: meza ya mabwana na jiko la watumishi.

Alipokua akawa mwalimu. Wakati ule Ufaransa ilikuwa chini ya Kaisari Napoléon III, na mwalimu wa serikali alipaswa kuapa kwamba atamtii. Louise alikataa kuapa. Mwaka 1853 alifungua masomo yake mwenyewe katika kijiji cha Audeloncourt, na mwaka 1856 akaenda Paris, ambako alifundisha watoto wa Montmartre, mtaa wa wafanyakazi na maskini. Siku ile alipokataa kuapa hakuwa na chama wala bunduki. Alisema hapana, basi, na akapoteza mshahara wa serikali.

Mwaka 1870 Ufaransa ilipigana na Prusia, ikashindwa. Paris ilizungukwa na adui miezi mingi, njaa ikaingia, watu wakala mpaka panya. Tarehe 18 Machi 1871, kabla ya mapambazuko, serikali ilituma askari kuondoa mizinga iliyokuwa Montmartre. Mizinga ile watu wa Paris walikuwa wameilipa kwa michango yao. Wamama wa mtaa waliamka, Louise kati yao, wakasimama mbele ya askari. Askari walipata amri ya kupiga risasi, wakakataa. Serikali ilikimbilia Versailles, na Paris ikajitawala yenyewe siku 72. Njo ile inaitwa Commune.

Katika siku hizo chache Commune ilikataza kazi ya usiku kwa waokaji mikate, na ikakataza wakubwa wa kazi kukata mshahara kwa faini. Sisi tunaojua makato katika karatasi ya mshahara, tunaelewa hiyo ilikuwa kitu gani. Louise alitunza majeruhi, na alishika bunduki pia.

Mwisho wa Mei jeshi la serikali liliingia Paris likaua watu maelfu. Louise alikuwa ameponyoka, lakini askari walimkamata mama yake. Kusikia vile, alijileta mwenyewe ili wamwachilie mzee. Mbele ya mahakama ya kijeshi, Desemba 1871, hakutaka kujitetea. Aliomba wamuue kama walivyoua wenzake. Hawakumuua, walimhukumu kupelekwa uhamishoni maisha yake yote.

Mwezi wa Agosti 1873 walimpandisha katika merikebu iliyoitwa Virginie. Safari ilichukua karibu miezi minne mpaka Nouvelle-Calédonie, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, upande wa Australia. Njiani alikuwa na wakati mwingi wa kufikiri na kuongea na wafungwa wenzake, kati yao Nathalie Lemel. Alikumbuka namna viongozi wa Commune, watu wa moyo safi, walivyoshindwa walipokuwa na mamlaka mkononi. Aliona kama mwema anaharibika namna ile, basi ugonjwa hauko katika mtu tu, uko katika kiti chenyewe. Toka pale mawazo yake hayakugeuka mpaka kufa.

Kisiwa kile kilikuwa inchi ya Wakanak. Wazungu walichukua udongo wao, na ng'ombe za wazungu ziliingia katika mashamba ya viazi vikuu na magimbi zikaharibu chakula. Nikeli pia ilikuwa imekwisha kupatikana pale. Mwaka 1880 kampani ya Le Nickel ilianzishwa. Louise alijifunza maneno ya Wakanak, akaandika hadithi zao, akawafundisha kusoma.

Mwaka 1878 Wakanak waliasi, chifu Ataï mbele yao. Na hapa njo jaribu lilikuja. Wafungwa wengi wa Commune, watu waliomwaga damu Paris kwa ajili ya uhuru, walisimama upande wa serikali iliyowafunga. Wengine walichukua hata bunduki juu ya Wakanak. Louise alibaki upande wa Wakanak, karibu peke yake. Katika kitabu cha maisha yake anaeleza kwamba usiku mmoja Wakanak wawili walikuja kumuaga mbele ya kwenda vitani. Alikuwa na kitambaa chekundu cha Commune, alichokificha katika misako yote ya buloko. Alikikata, akawapa nusu.

Ataï aliuawa Septemba ule, na kichwa chake kikapelekwa Paris. Kilirudishwa kwa watu wake mwaka 2014 tu.

Wafungwa wale hawakuwa watu wabaya. Walichoka, walitaka msamaha ili warudi kwao, na walimtazama Mkanak kama mtu wa chini. Uhuru waliupenda, lakini ulikuwa uhuru wao tu.

Msamaha ulikuja mwaka 1880. Tarehe 9 Novemba Louise alifika Paris, na watu wengi sana walimpokea kwenye stesheni ya Saint-Lazare. Hakukaa kimya. Machi 1883 alitembea mbele ya watu waliokosa kazi, na bendera nyeusi mkononi. Njiani watu walichukua mikate katika maduka, na yeye akahukumiwa miaka sita. Alitoka Januari 1886.

Mwezi uleule, kule Decazeville, wachimbaji wa makaa ya mawe waligoma juu ya mishahara yao. Siku ya kwanza, enjinia Watrin aliuawa na watu wenye hasira. Kifo kile sisi hatukisifu. Lakini mgomo ulidumu mpaka Juni, na njaa ya watoto wa wachimbaji ilikuwa kweli. Louise, aliyetoka buloko juzi tu, alisema katika mkutano Paris kwa ajili yao. Akahukumiwa tena miezi minne. Kwa hiyo, wandugu, mama huyu alifungwa pia kwa sababu ya watu wa kazi yetu.

Tarehe 22 Januari 1888, katika mji wa Le Havre, mtu mmoja, Pierre Lucas, alimpiga risasi. Risasi moja ilibaki katika kichwa chake mpaka kufa. Louise alikataa kumshitaki. Tena alimtetea, na Lucas akaachiliwa. Wengi walishangaa. Sisi tunaona alikuwa na akili moja tu toka mwanzo: hakuweza kupigana na gereza maisha yake yote, kisha kuliita limsaidie siku anapoumizwa yeye.

Hatusemi alikuwa malaika. Aliporudi toka kisiwani aliandika katika gazeti La Révolution sociale, na baadaye ilijulikana kwamba makuta ya gazeti lile yalitoka kwa mkubwa wa polisi wa Paris. Yeye hakujua. Asiyetaka kutawala bado anapaswa kuuliza makuta yanatoka wapi.

Na kuna fasi sisi hatumfuati. Yeye hakuamini sheria za serikali hata kidogo. Sisi tunaenda kwa enspekta wa kazi na kitabu cha sheria mkononi, sababu mchimbaji aliyevunjika mkono anahitaji malipo mwezi huu, hawezi kungoja dunia ibadilike.

Leo kuna wengine, zaidi Marekani, wanaosema nao ni watu wa uhuru. Wanataka serikali irudi nyuma ili mwenye mali afanye anavyotaka. Louise hangekaa nao. Kwake yeye, mkubwa anayeshika mkate wako anakushika wewe mwenyewe, sawa na askari.

Toka mwaka 1890 alikaa miaka mingi London. Mwaka 1895, pamoja na Sébastien Faure, alianzisha gazeti Le Libertaire. Hata katika uzee aliendelea kusafiri na kusema mbele ya watu. Alikuwa ametoka Algeria alipougua mapafu, akafa Marseille tarehe 9 Januari 1905, na miaka 74. Hakuacha mali, sababu alichopata alikigawa. Watu wengi sana walimsindikiza mpaka makaburi ya Levallois, karibu na Paris.

Sasa turudi kwetu. Sisi tuko na kofia, na kadi, na mshahara hata kama ni mdogo. Nje ya waya kuna wachimbaji wa mkono, na wengi wao ni wadogo zetu na watoto wetu. Siku wanapofukuzwa, sisi tunanyamaza, sababu hawako katika sendika yetu. Wengine wetu tunafurahi hata kidogo, tunaona kazi yetu imelindwa. Tukisoma habari ya kisiwa kile, tunajitambua, na siyo upande wa Louise.

Kijana aliyetuuliza alikuwa na haki. Ndiyo, tunaweza kuwa wakubwa wengine juu yenu, na pengine tumekwisha kuanza. Hapana dawa ingine kuliko ninyi kutuuliza kila mara bila woga.

Katika mkutano unaokuja tutafungua kitabu cha makuta ya sendika mbele ya wote, tusome mstari kwa mstari. Na habari ya wachimbaji wa mkono tutaiweka ya kwanza, siyo ya mwisho wakati watu wamekwisha kwenda. Kijana yule aje. Asikae nyuma tena, akae mbele.